Kipembe Kilichowekwa Rehani

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa doti mbili za khanga, feni ya mezani na saa ya ukutani. Asanteni sana, wadogo zangu. Ila sijui nani kati yenu aliyefikiri kwamba mstaafu anahitaji saa. Nimeitundika jikoni, na kila nikiitazama nacheka peke yangu, maana sasa hata ugali ukichelewa hakuna wa kuniandikia barua ya kujieleza.

Mlisema pia, "Mama Regina, andika, tusome sisi tuliobaki." Haya, naandika. Habari za vyeo mnisamehe, vyangu vilichelewa njiani, na mshahara wa nesi mnaujua wenyewe. Nitawaandikia juu ya kazi moja tu, kazi ya kumwomba mtu kitu kilichotoka mwilini mwake. Vijana wa utafiti wengi wanadhani ni kazi ya kusainisha fomu. Kusainisha ni rahisi, jamani. Kuomba ndiko kugumu.

Nilifika Kibiti nikiwa binti mbichi kutoka Tabora, na sanduku la bati na koti la sufi ambalo sikuwahi kulivaa tena. Daraja la Ndundu lilikuwa bado. Waliokwenda Lindi na Mtwara walivuka Rufiji kwa pantoni, na pantoni likigoma, abiria walirudi Kibiti kutafuta pa kulala. Mzazi wa kwanza niliyemzalisha alikuwa mmoja wao. Alikuwa anakwenda kujifungulia kwa mama yake Kilwa, akaishia kujifungulia mikononi mwangu. Mimi nilitetemeka kuliko yeye. Mkunga wetu mkubwa, Mama Chausiku, alisimama nyuma yangu amekunja mikono kifuani, akasema, "Acha kumvuta. Njia anaijua." Mtoto akatoka, akalia, na mimi nikalia. Mama Chausiku akauliza ni yupi kati yetu apewe maziwa.

Huyo ndiye aliyenipa kipembe. Ninyi wa mashine zinazotangaza mapigo ya moyo chumba kizima huenda mmekiona kwenye picha tu: ni kipande cha mti kilichochongwa kama tarumbeta ndogo, upande mpana unauweka juu ya tumbo la mama, upande mwembamba unauwekea sikio, unamsikia mtoto. Mashine ni nzuri, sina ugomvi nayo, mpaka umeme ukatike. Kanuni ya Mama Chausiku ilikuwa moja. Kabla ya kugusa tumbo unasema "Hodi!" na unangoja uambiwe "Karibu." Siku ya kwanza niliona aibu, nikanong'ona. Alinirudisha mlangoni nikaanze upya. "Unaingia kwa mtu," alisema. "Kwani kwenu Tabora mnaingia hivihivi?"

Wiki ileile nilikwenda sokoni. Mama mmoja wala simjui akachomoa ndizi kwenye kikapu changu, akaimenya mbele yangu, akapaza sauti, "Oneni huyu Mnyamwezi! Babu yake alipita hapa na mizigo ya watu, na yeye kaja kubeba ndizi zetu!" Soko zima likaangua kicheko. Nilirudi hospitali machozi yananilengalenga. Mama Chausiku ndiye aliyenifungua macho: Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo mtani akikutukana anakukaribisha, na ukinuna unamvunjia heshima. Siku iliyofuata nilirudi sokoni nikachukua papai la yule mama, nikamwambia Wandengereko, wenyeji wa pale, hawana shida ya mapapai, shida yao ni usingizi. Alinikumbatia. Tangu siku ile nikawa mwenyeji.

Miaka ikapita, daraja likajengwa, Mama Chausiku akastaafu akaenda kulima mpunga. Ndipo ulipokuja mradi wa utafiti wa malaria ya wajawazito, nami nikawekwa humo kama mkunga. Mkuu wake alikuwa Daktari Massawe, mtu wa Moshi, mrefu, mpole, mwenye soksi zisizofanana. Alitaka kujua jambo moja: mama mjamzito anaweza kupimwa kidole, damu ikaonekana safi, kumbe vimelea vya malaria vimejificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa mdogo na dhaifu. Ili kuviona, ilibidi kukata kipande cha kondo, mfano wa ukucha wa kidole gumba, na kukipeleka maabara Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nawaeleza akina mama kuna mwizi anayelala stoo wakati polisi wanapekua sebuleni.

Sasa, kondo la nyuma kwa watu wetu si uchafu wa wodini. Linarudi nyumbani, linazikwa nyuma ya nyumba, na wazee ndio wanaojua wapi na vipi. Daktari Massawe aliambiwa hivyo mapema, akaajiri kijana wa kuzunguka vijijini kueleza mradi na kuomba ridhaa. Kijana mwenyewe Elia, wa Arusha, mchangamfu, ana meno yote nje muda wote. Akazunguka kijiji cha Mtawanya chote. Akarudi anang'aa.

"Dada Regina, wamekubali kijiji kizima! Hakuna nyumba iliyokataa!"

"Wamesemaje?"

"Wamesema inshallah! Kila nyumba, inshallah! Wengine wamenipa na madafu."

Daktari alifurahi, akaagiza soda. Mimi nilikunywa ya kwangu, lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha moyoni, sikujua ni nini. Nikajua wodi ilipoanza kupwaya. Vitanda vilibaki na mashuka yaliyonyooka. Kina mama wa Mtawanya waliacha kuja kujifungua, na walioacha ni walewale waliokuwa wakija kliniki bila kukosa.

Mmoja wao alikuwa Zuhura. Ujauzito wake wa kwanza alijifungulia nyumbani, mtoto akafa, naye akaletwa kwetu amelazwa juu ya kitanda cha kamba, damu zimemwishia, midomo myeupe. Tulimrudisha kwa tabu. Alipopata mimba ya pili alikuja kliniki mapema kuliko wote, akanishika mkono, akaniambia, "Dada Regina, mara hii nizalie hapa, mbele yako." Nikamwahidi. Na sasa mwezi wake umeingia, na Zuhura haonekani. Nilikuwa silali. Nilijua fika damu ile ikirudia akiwa nyumbani, hatutawahi.

Nikapanda bodaboda hadi Mtawanya. Zuhura alilelewa na bibi yake, Bibi Mwanahawa, na kwa bibi ndiko alikokuwa akingoja kujifungua. Nilimkuta bibi barazani anasuka ukili.

"Hodi!"

"Nani?"

"Regina, bibi, wa hospitali. Shikamoo."

"Marahaba. Regina simjui. Namjua Mnyamwezi mmoja tu."

"Basi ni huyohuyo Mnyamwezi."

"Mnyamwezi tangu lini akapiga hodi? Si anaiba tu na kupita! Haya, kaa."

Zuhura akatoka ndani, tumbo limetangulia. Uso ulimchanua aliponiona, halafu akamtazama bibi yake, akainama. Nikaona nisizunguke. Nikauliza mbona haji.

"Mke mwenzangu haendi huko," Bibi Mwanahawa alisema. Nanyi mnajua, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza katika utani. "Mnataka kondo lake. Mimi nimezika kondo la mama yake hapa, nimezika na la kwake hapa. La mwanawe likakae kwenye chupa Dar es Salaam?"

"Lakini bibi, kijana alipokuja si mlisema inshallah?"

"Tulisema."

"Sasa?"

Alinitazama, akautazama ukili wake, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akauweka chini, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Loo, Mnyamwezi! Umekaa huku miaka yote hiyo, na kichwa bado kiko Tabora? Hebu nisikilize. Ukimwalika mtu akakwambia inshallah Ijumaa, pika, anakuja. Akikwambia inshallah, na siku hataji, amekwambia nenda zako salama. Kijana wa watu kaja na adabu zake, kaamkia vizuri, kakaa kwenye mkeka wangu. Nimwambie usoni sitaki? Mimi sikufunzwa?"

"Mbona mimi unaniambia usoni?"

"Wewe si mgeni, wewe ni mtani! Wewe hata nikikumwagia maji."

Nikaelewa. Kijiji kizima kilikuwa kimekataa kwa adabu, na sisi tumekunywa soda. Na kwa kuwa waliona wameshakataa, na hawataki kuja kukataa tena mbele ya daktari, waliona heri wabaki nyumbani na hatari zao.

"Bibi," nikamwambia, "niambie sitaki. Itamke."

"Nikiitamka, mtampokea?"

"Tutampokea."

"Hamtamnunia? Hamtamwacha kwenye benchi mpaka jioni?"

"Atakayemnunia namnunia mimi. Kuzalishwa ni haki yake. Kondo ni ombi tu. Lakini tumwulize na mwenyewe. Kondo ni la nani?"

"Langu, la nani tena!"

"Ni langu, bibi," Zuhura alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilifika. "Mimi nataka kuzalia hospitali, na kondo sitaki lichukuliwe. Nataka vyote viwili."

Jamani! Katika kazi yangu yote nimesikia "ndiyo" za kila aina, za woga, za haraka, za kunifurahisha. Ile ilikuwa "sitaki" ya kwanza iliyonyooka. Nilipiga kigelegele palepale barazani, kuku wakatawanyika. Bibi Mwanahawa akaniangalia kwa huruma. "Huyu kakataliwa," alimwambia Zuhura, "na anashangilia. Kweli Wanyamwezi wana mambo."

Nilirudi kumweleza Daktari Massawe. Alisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. "Kwa hiyo inshallah zote hizi..."

"Zisizo na siku, daktari."

Akaanza kucheka, soda aliyokuwa akinywa ikampalia. Lakini sifa yake ni hii: hakunung'unika hata kidogo. Majibu yote ya Mtawanya aliyafuta. Akamrudisha Elia kijijini aanze upya, na mara hii aseme kwanza kwamba kuzalia hospitali hakuhusiani na kondo, na anayekataa akatae bila hofu. Elia alikwenda akiuliza kila mlango, "Inshallah lini, bibi?" Bibi zake walifurahi mno. Alirudi na "sitaki" tele, anang'aa kuliko mara ya kwanza, na wodi ikaanza kujaa.

Zuhura alikuja kabla ya uchungu kukolea, na Bibi Mwanahawa ubavuni na ndoo mpya yenye kifuniko. Nilisema hodi, nikaambiwa karibu, nikainama na kipembe changu. Bibi alikuwa akinichungulia kwa shingo ndefu. "Njoo usikilize," nikamwambia. Akaweka sikio, akafumba macho.

"Anakimbia!" alisema. "Mke mwenzangu, ana mbio huyu! Anakimbia kweli!" Akakataa kuniachia kipembe mpaka alipotosheka.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike, analia kwa madaraka. Kisha ikaja saa niliyokuwa naiogopa. Kondo lilitoka zima, na damu ikaanza kwenda. Sindano ilikuwa tayari, dripu tayari, na ninyi mnajua hatua zilizobaki. Damu ikapungua, ikakata. Zuhura akaniuliza, "Ndiyo basi?" Nikamwambia ndiyo basi, mama. Tukashikana mikono tukacheka kama wasichana wa shule.

Bibi alikaa kwenye kiti na ndoo yake katikati ya miguu, kama mtu aliyekabidhiwa hazina ya serikali. Daktari Massawe akapita kumpongeza mzazi. Macho yake yalikwenda kwenye ndoo, yakarudi. Zuhura ndiye aliyesema.

"Daktari, kata kipande. Mmeniachia mwanangu, na mimi nawapa."

Nilidhani atarukia. Alikuwa akikihitaji kipande kile kweli. Akatikisa kichwa. "Sasa hivi hapana, Zuhura. Una furaha nyingi mno, hata ningekuomba nyumba ungenipa. Na kutibiwa hakuna deni. Lala kwanza, kondo tutaliweka kwenye baridi. Ukiamka tutaulizana."

"Sasa ninyi," Bibi Mwanahawa alisema, "mnataka au hamtaki?"

Zuhura alilala, akaamka, akanyonyesha, akasema yaleyale, safari hii na sharti. Wachukue kipande kidogo, wamtafute huyo mwizi, lakini kipande kirudi kikazikwe na kondo lake. Nilifungua kinywa niseme haiwezekani, maana sijawahi kuona maabara ikirudisha kitu. Daktari akanitangulia. "Kwa nini kisirudi?" alisema, kana kwamba anajiuliza mwenyewe. "Nitaomba ruhusa kwa kamati ya maadili ya utafiti. Wakikataa, sikipimi, nakirudisha kilivyo."

Kipande kikakatwa mbele ya Zuhura. Lililobaki likaingia ndooni. Hapo bibi akanyoosha mkono, akachomoa kipembe kwenye mfuko wa gauni langu la kazi, akakisokomeza kwenye khanga.

"Bibi! Hicho ni cha kazi!"

"Na kondo ni la kazi gani? Kipande chetu mmekwenda nacho, cha kwenu nabaki nacho. Rehani. Changu kikirudi, na chako kinarudi."

Kumzuia mtani anayechukua kitu chako ni mwiko, kwa hiyo nikabaki naazima kipembe cha wenzangu. Kamati iliuliza maswali mengi, daktari akajibu, wakauliza mengine. Habari za Mtawanya zilinifikia: kipembe kimetundikwa mlangoni kwa Bibi Mwanahawa, na anasikilizia mimba za mbuzi.

Ruhusa ikatoka. Siku kipande kiliporudi tulikwenda sote watatu, daktari, Elia na mimi. Daktari alikaa mkekani, magoti yamemfika masikioni, akamkabidhi Zuhura kiboksi. Bibi akakifungua yeye. Ndani kulikuwa na kijipande cha nta, na katikati kitu cheusi kidogo.

Akakigeuza. Akakinusa.

"Nimewapa nyama," alisema, "mmenirudishia mshumaa!"

Elia alijiviringisha chini kwa kucheka. Daktari akaeleza pole pole kwamba, ili kipande kikatwe vyembamba vya kuonekana kwa darubini, lazima kilazwe kwanza ndani ya nta, na kwamba kile cheusi ndicho chao hasa, kilichobaki.

"Na mwizi mlimkuta?" Zuhura aliuliza.

"Tulimkuta," daktari alisema. "Wewe ulishapewa dawa. Mtoto tutamtazama kwa karibu akija kliniki." Mtoto mwenyewe wakati huo amenona, anavuta ndevu za daktari. Anaitwa Rukia, lakini tangu siku ile Mtawanya nzima inamwita Mshumaa.

Bibi alikwenda nyuma ya nyumba na Zuhura. Sisi hatukuitwa, tukabaki barazani. Waliporudi, bibi alikitungua kipembe mlangoni, akakipangusa kwa khanga, akanipa. "Mbuzi wanasalimia," alisema.

Baada ya hapo kila mama aliyekubali aliulizwa kama anataka kipande chake kirudi. Wengine walitaka, wengine walituambia tubaki nacho, wao nta watakula na nini. Walioendelea kukataa walikataa wakicheka, nasi tukawazalisha. Elia alioa hapahapa Kibiti, na leo inshallah yake huwezi kujua ni ipi.

Sasa nimalizie na ile sherehe yenu, maana wengi mlicheka bila kujua mnachocheka. Wakati mnakata keki, aliingia Bibi Mwanahawa, mdogo kama mtoto siku hizi, ameshikwa mkono na Mshumaa wa sare za sekondari, na Zuhura nyuma yao. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Nasikia unakwenda Tabora."

"Ndiko kwetu, bibi."

"Lete." Akanyoosha mkono.

"Nilete nini? Mbona sina kitu chenu?"

"Umekula samaki wetu na mchele wetu tangu msichana. Uondoke mzimamzima? Kipande kibaki." Akafungua mkoba wangu mwenyewe, akakiona kipembe, akakisokomeza kwenye khanga. Mlipiga makofi. Mimi nililia, na sikuona haya.

Jana kaka yangu alinipigia simu kutoka Tabora. Nampenda sana kaka yangu. Amenijengea chumba, amekipaka rangi ya samawati niipendayo, na aliuliza kwa upole wote, "Dada, unarudi lini nyumbani?" Ningemwambiaje mtu mwema kama huyo, usoni?

"Inshallah," nikamjibu.

Alifurahi mno. Akaniambia keshoye anakwenda kununua kitanda. Siku sikuitaja.